Jembe la Nani? Historia ya Somo la Zana kutoka Malindi hadi Matsangoni

Hadi 2024 mwanafunzi wa kidato cha kwanza wa Matsangoni, pwani ya Kenya, aliyesoma kilimo alifika mapema kwenye mada ya zana na vifaa vya shambani. Hapo alikutana na Burdizzo, koleo kubwa la kuhasi madume bila kupasua ngozi, lenye jina la daktari wa mifugo wa Italia aliyelibuni mwanzoni mwa karne ya 20. Alikutana na sindano nene ya kutoboa tumbo la ng'ombe aliyevimbiwa, kikombe cha kukagua maziwa ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele, randa ya seremala, timazi ya mwashi. Alizichora, akaandika jina na kazi ya kila moja, akaeleza namna ya kuitunza. Miaka minne baadaye mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, uliweza kumwekea mchoro na kumwuliza: hiki ni nini? Akitoka darasani alipita chini ya minazi aliyoshuka mgema alfajiri, akamkuta nyanyake uani anafua nazi kwenye kifuo, kisha akashika kiserema akapalilie muhogo. Kotama ya mgema, kifuo cha nyanya na hicho kiserema hazikuwamo katika michoro ya daftari lake.

Halikuwa kosa la mwalimu. Mwalimu alifuata silabasi, na silabasi ilikuwa na ukoo mrefu. Ukiufuata ukoo huo nyuma, katika ukanda huu wa Kilifi na Malindi, utaona kwamba tangu zama za mashamba makubwa ya watumwa hadi miradi ya wafadhili, watu wengi wamekuja kuwafundisha wapwani kushika zana, na karibu kila mmoja alikuja na zana yake na shamba lake kichwani.

Wakulima wa kwanza wa nyanda hizi walikuwa na chuma. Vyungu vya mtindo wa Kwale, ambavyo mwanaakiolojia Robert Soper alivichimbua miaka ya 1960, ni vya watu waliolima, waliofinyanga na waliofua chuma nyuma ya Mombasa katika karne za kwanza baada ya Kristo. Hilo halimaanishi kwamba kila mtu alikuwa na jembe la chuma. Muo, yaani mti uliochongwa ncha na kukaushwa kwa moto, ulifanya kazi pembeni ya chuma kwa karne nyingi, na kwenye mchanga mwepesi wa pwani haukuwa chombo cha kudharauliwa. Mwaka 1154 al-Idrisi, mwanajiografia aliyeandikia Sicily katika baraza la mfalme Roger, alieleza kuwa watu wa Malindi walichimba chuma, wakakiuza, na kwamba faida yao kubwa ilitoka humo. Hakufika Malindi yeye mwenyewe, aliandika aliyosimuliwa. Lakini utafiti wa Chapurukha Kusimba juu ya ufuaji chuma katika miji ya Waswahili, tangu Ungwana huko kaskazini hadi Galu huko kusini, umeonyesha kuwa wahunzi wa pwani hawakuwa hadithi. Gede, mwendo mfupi kaskazini mwa Matsangoni, James Kirkman alichimba kati ya 1948 na 1958, na baadhi ya nyumba alizipa majina kwa vitu vilivyopatikana ndani yake. Mojawapo ni Nyumba ya Mkasi, nyingine ni Nyumba ya Taa ya Chuma. Watalii huonyeshwa mkasi na taa. Jembe halina nyumba yake, ijapokuwa bila jembe mji ule usingekula.

Elimu ya zana katika zama hizo ilikuwa na vyuo viwili. Kimoja kilikuwa kwenye kiwanda cha mhunzi, ambako kijana alianza kwa kupuliza mivukuto, akaendelea kushika koleo, na baada ya miaka ndipo akaruhusiwa kuinua nyundo mbele ya fuawe. Cha pili kilikuwa shambani. Mtoto hakupewa jembe zima. Alipewa kiserema, jembe lililolika hadi likabaki kipande, jepesi kwa mkono mdogo na lisiloweza kung'oa muhogo pamoja na magugu. Alipalilia pembeni ya mama yake, kwa sababu katika jamii za Wamijikenda palizi na sehemu kubwa ya kazi ya jembe ilikuwa ya wanawake, na panga na shoka la kufyeka vilikuwa vya wanaume. Mwalimu wa jembe, kwa hiyo, alikuwa mama au nyanya. Neno hili tuliweke kando kidogo, maana karibu wote waliokuja baadaye kufundisha kilimo walimtafuta mwanamume.

Tuangalie jembe lenyewe, kwani hapa ndipo kitabu hupita haraka. Jembe la mhunzi halikuwa na tundu. Lilikuwa na msuka, ncha ndefu nyuma ya ubapa, iliyopenyezwa kwenye kichwa kinene cha mpini. Msuka ulitiwa motoni hadi ukawa mwekundu, kisha ukasukumwa kwenye mti mpaka moshi ukatoka upande wa pili. Mti mbaya ulipasuka papo hapo. Tundu likienda wima mno, ubapa ulifunguka mbele na jembe likateleza juu ya udongo; likilala mno, ubapa ulifunga na mlimaji akachimba karibu na vidole vyake. Pembe ya ubapa na mpini ndiyo siri yote, na hubadilika kwa urefu wa mtu, kwa kazi na kwa udongo. Uzuri wa msuka ni kwamba kila pigo huusukuma ndani zaidi, hata jembe likajikaza lenyewe kwa kutumika. Majembe ya kiwandani yalipoingia, mengi yakiwa ya chapa ya mamba kutoka kampuni ya Chillington ya Wolverhampton, Uingereza, yalikuja na tundu. Hapo ufundi ukageuka: mpini huingizwa kutoka juu, upande mwembamba ukitangulia, mpaka kichwa kinene kikwame, na ukilegea huloweshwa maji ili mti uvimbe. Asiyejua hupigilia msumari kwenye tundu, na msumari ndio unaoua mpini. Hayo yote mtu huyajua kwa kiganja, na hakuna mchoro unaoweza kumwonyesha.

Zana hiyo hiyo ilipokea mazao mapya bila kelele. Mahindi, muhogo na mkorosho vilitoka Marekani ya Kusini na ya Kati, vikaletwa katika zama za Wareno, na polepole vikakaa pamoja na mtama, wimbi na kunde. Chakula kilibadilika, jembe likabaki jembe. Plau ya ng'ombe haikushika mizizi hapa kama ilivyoshika Ukambani, na sababu mojawapo ni mbung'o, ambao waliwazuia watu kufuga maksai karibu na vichaka vya pwani.

Kisha likaja jembe la amri. Malindi, iliyokuwa imeanguka tangu Wareno kuhamia Mombasa mwishoni mwa karne ya 16, ilifufuliwa miaka ya 1860 chini ya ulinzi wa Sultani wa Zanzibar. Katika muda mfupi ikawa ghala la nafaka: mtama, ufuta na kunde zilipakiwa majahazini kwenda Uarabuni. Kusini mwake, watu wa ukoo wa Mazrui waliotoka Mombasa walikuwa na mashamba yao Takaungu. Matsangoni iko katikati ya Takaungu na Malindi, kwa hiyo ardhi hii ilizungukwa pande zote mbili na kilimo cha watumwa. Huko mafunzo ya zana yalikuwa mafupi. Mtu aliyetekwa bara, huenda akiwa mlimaji hodari kwao, alipewa jembe na kupimiwa ngwe, kipande cha shamba kilichokatwa kwa kamba kuwa kazi ya siku. Nokoa alisimamia, kadamu akamsaidia, na aliyeshindwa kumaliza ngwe alijua kitakachomfika. Frederick Cooper, katika kitabu chake cha 1977 juu ya utumwa wa mashambani wa pwani yetu, ameonyesha jinsi Malindi ilivyotegemea makundi ya watu wanaolima kwa mstari, tofauti na Unguja na Pemba ambako mikarafuu iliweka ratiba nyingine. Utumwa ulipofutwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907, dharau ya jembe haikufutwa pamoja nao. Hadi leo kuna mzee atakayemwambia mjukuu asome asije akaishia kulima, na maneno yake yana umri mkubwa kuliko anavyodhani.

Wamishonari walileta chuo cha tatu. Krapf alifika Mombasa 1844, Rebmann akamfuata 1846, wakakaa Rabai. Mwaka 1875 kikaanzishwa kijiji cha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kwa ajili ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Baadhi ya waliokuja kuwaongoza walikuwa Waafrika waliolelewa Nasik, India, na kufundishwa huko useremala na uhunzi. Kwa mara ya kwanza katika ukanda huu zana ilifundishwa darasani, kwa saa, na mwalimu anayelipwa. Ilikuwa elimu ya maana. Mafundi wake walijenga nyumba na makanisa ambayo mengine yako mpaka leo. Ila tayari kulikuwa na mpango: Mwafrika wa misheni atakuwa fundi au mkulima, na zana za kalamu zitafuata kwa kipimo.

Serikali ya Mwingereza haikuwa na subira ya misheni. Ilitaka vibarua. Wagiriama, waliokuwa wakilima nafaka zao na kuuza ziada kaskazini mwa mto Sabaki, walionekana wavivu kwa sababu moja tu: hawakwenda kulima mashamba ya mpira na pamba ya walowezi wa Malindi. Afisa wa serikali, Arthur Champion, alitumwa kukusanya kodi na vijana. Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, akawaapisha watu wakatae, akakamatwa Oktoba 1913 na kupelekwa Kisii. Agosti 1914 Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, ililipuliwa kwa baruti, vita vikazuka, na mwishowe Wagiriama wakatozwa faini ya rupia laki moja na kufukuzwa kutoka ng'ambo ya kaskazini ya mto. Kwa kawaida habari hii husomwa kama ya siasa, na ni ya siasa. Ni pia ugomvi wa jembe: watu waliokuwa na majembe yao, mashamba yao na soko lao waliambiwa wayaache wakashike majembe ya mwingine.

Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya 1908 ilikuwa imeshaianza kazi hiyo kwa njia ya karatasi. Katika ukanda wa pwani wa maili kumi madai ya wenye nyaraka yalitambuliwa, na Wamijikenda wengi wakajikuta maskwota juu ya ardhi waliyoilima. Mpangaji wa namna hiyo mara nyingi hakuruhusiwa kupanda mti wa kudumu, kwa maana mnazi au mwembe ni ushahidi wa kukaa. Matokeo yake kwa zana ni makubwa. Asiye na haki ya mti hana haja ya shoka la kupogolea wala msumeno. Hununua jembe na panga, vitu anavyoweza kubeba begani akiamriwa kuondoka. Baadaye skimu za makazi, kama Tezo-Roka hapo jirani na Ngerenya, ziliwapa baadhi ya watu hati, na korosho zikastawi kiasi cha kujengwa kiwanda Kilifi miaka ya 1970. Kiwanda kilianguka baada ya miongo miwili hivi. Mikorosho mingi ipo bado, mizee, ikihitaji mtu wa kuipogoa, na vijana wachache wanajua ukate tawi lipi na kwa msumeno gani.

Shule nayo? Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, iliyofadhiliwa na mfuko wa Marekani, ilizunguka Afrika Mashariki ikipendekeza elimu ya Mwafrika ielekee kwenye kilimo na kazi za mikono. Mfano wake ulitoka kwenye shule za Wamarekani weusi wa kusini. Mwaka uliofuata Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete ili kuwaandaa walimu wasafiri wa vijijini. Mapendekezo hayakuwa mabaya yote; shule iliyo katikati ya wakulima ikafundishe nini? Wazazi, hata hivyo, walisoma kilichoandikwa nyuma ya karatasi. Mtoto wa mlowezi alifundishwa Kilatini na hesabu, mtoto wao akapewa jembe. Ripoti ya Beecher ya 1949 iliposisitiza tena kazi za mikono, wengi waliona mlango ule ule ukifungwa kwa mara ya pili.

Na shule zenyewe zikaongeza chumvi kwenye kidonda kwa kulifanya jembe kuwa fimbo. Aliyechelewa alilima. Aliyezungumza lugha ya mama alikata nyasi kwa fyekeo. Desturi hiyo iliupita ukoloni na ikakaa vizuri katika uhuru. Naona madhara yake ni makubwa kuliko ya ukosefu wa vifaa, kwa sababu huwezi kumfundisha mtoto saa nne kwamba reki na jembe ni rasilimali ya uchumi, halafu saa kumi umpe jembe hilo hilo kwa kosa la kutofunga kifungo cha shati.

Uhuru ulipokaribia, njia nyingine ilijaribiwa. Shule ya sekondari ya Chavakali, magharibi mwa Kenya, iligeuzwa kuwa jaribio la kufundisha kilimo kama somo la kitaaluma kwa msaada wa Wamarekani kuanzia mwisho wa miaka ya 1950. Jaribio lilifaulu kiasi kwamba mfano wake ukasambaa nchini, na kwa kiasi kikubwa orodha ya zana za kidato cha kwanza ni mtoto wa fikra hiyo: shamba la mchanganyiko la nyanda za juu, lenye ng'ombe wa maziwa, karakana na bomba la maji. Kwa Chavakali lilikuwa na mantiki. Mwaka 1962 zikaanzishwa klabu za 4K, Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, ambapo watoto walishindana kwa vitalu vya mboga. Ng'ambo ya mpaka, Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, kila shule ikawa na shamba, na kiwanda cha zana cha Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa China kikaanza kutoa majembe ya Tanzania yenyewe. Hilo la Ubungo nalipenda kuliko hotuba zote, kwa kuwa lilitambua kwamba huwezi kufundisha kilimo cha jembe huku ukisubiri meli ilete jembe.

Lililo karibu na Matsangoni zaidi ni Magarini. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi 1989 Australia ilifadhili mradi mkubwa wa makazi kaskazini mwa Malindi. Wataalamu walikuja na ujuzi wa nchi kavu ya kwao, wakaingiza mashine nzito kufyeka msitu, wakapanga viwanja, wakatarajia Wagiriama waache kuhamahama kwa mashamba na kulima pale pale mwaka baada ya mwaka. Mashine zilifyeka. Udongo uliobaki wazi ukaanza kuchoka na kusombwa, mavuno yakawa chini ya hesabu za ofisini, na wenyeji waliendelea kulima walivyojua kila walipopata nafasi. Mwaka 1991 Doug Porter, Bryant Allen na Gaye Thompson walitoa kitabu kizima kueleza jinsi nia njema ilivyoweza kwenda mrama hivyo. Kwa somo letu tuchukue moja: tingatinga lilifanya kwa siku chache kazi ambayo panga na moto vilifanya kwa msimu, lakini panga lilikuwa likiacha visiki, mizizi na miti iliyochaguliwa, na hayo ndiyo yaliyoshika ardhi. Aliyeshika panga alikuwa mtaalamu, ila hakuna aliyemwita darasani.

Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza 1985 ulikipa kilimo heshima mpya ya kimtihani tangu shule ya msingi. Wazazi walichanga pesa za karakana, baadhi zikajengwa, nyingine zikabaki kuta. Mtaala ulipopunguzwa 2002 somo likarudi nyuma tena. Mtaala wa umilisi ulipoingia nchi nzima 2019, na sekondari ya chini 2023, mtoto alianza kupanda mboga kwenye mikebe na kutengeneza sanamu ya kutishia ndege. Sasa mzazi wa Matsangoni hutumwa kutafuta mkebe, gunia na keni ya maji. Wapo wanaolalamika, na wana haki. Lakini kuna jambo limetokea bila kutangazwa: ili mtoto afanye kazi yake ya nyumbani, imebidi mzazi na nyanya waulizwe. Hilo halikuwahi kutokea tangu Freretown.

Nje ya shule, shamba darasa lilikuwa limeshapita njia hiyo. Utaratibu huo, ulioletwa Kenya na FAO katikati ya miaka ya 1990 na baadaye ukafika pwani, huwakutanisha wakulima shambani kwa msimu mzima, wakilinganisha vitalu wenyewe, na wengi wao huwa wanawake. Pale jembe hushikwa na yule anayelijua. Kilifi ina pia Chuo Kikuu cha Pwani, kilichokuwa taasisi ya kilimo kabla ya kuwa chuo kishiriki 2007 na kupata hati yake 2013, na tangu ugatuzi serikali ya kaunti imekuwa ikikodisha trekta kwa wakulima kwa bei nafuu. Trekta ni neema wakati wa mwaka, yaani msimu wa mvua za Aprili, kila mtu anapotaka kulima wiki moja. Huja likichelewa, mkulima akarudi kwa jembe.

Basi somo la zana lililotungwa hapa lingeanza wapi? Kifuo kingekuwa cha kwanza kwenye orodha yangu. Ni mti au chuma chenye ncha kilichosimikwa ardhini; nazi hupigwa juu yake, ikapindwa, kumbi likatoka kwa vipande vitatu au vinne. Ni nyenzo, ni fizikia ya shule, na kosa lake hulijua kiganja mara moja. Panga lingefuata, pamoja na tupa na namna ya kunoa upande mmoja. Kisha mkono wa mkwezi: jinsi anavyokata vidato kwenye shina la mnazi, vingapi vinatosha, na lini kidato huanza kuoza na kuudhuru mti.

Kotama ndiyo ngumu. Kisu cha mgema kimepinda, ni chembamba, hunolewa kila siku, na kukata kilele cha kole, shina la maua ya mnazi, kwa unene wa karatasi bila kuliua ni ufundi unaochukua miaka. David Parkin aliandika kitabu kizima 1972 juu ya minazi na tembo huko Kaloleni, na karo ya nyumba nyingi za Wagiriama imelipwa kwa chombo hicho. Lakini tembo ni ulevi. Mwalimu wa kanisa atasita, mwalimu Mwislamu atasita zaidi, na mkuu wa shule hatataka simu ya mzazi. Mimi ningeiweka mezani pamoja na vingine, mgema akaja akaeleza makali na pembe, na suala la kinachotoka kwenye kole likaachiwa kipindi cha dini. Shida pekee ni saa: mgema hupanda kabla ya jua na kurudi tena jioni, na katikati ya hapo, wakati shule iko wazi, huwa amelala.